Uwiano wa difu

Uwiano wa difu (pia: uwiano wa gia ya mwisho) ni namba inayoonyesha propela ya gari inazunguka mara ngapi ili magurudumu yazunguke mara moja. Kama propela inazunguka mara 4.1 kwa kila mzunguko mmoja wa magurudumu, uwiano ni 4.1 kwa 1, na kwa kawaida huandikwa 4.10 tu.

Huitwa gia ya mwisho kwa sababu nguvu ya injini hupita hapo baada ya kutoka kwenye giaboksi na kabla ya kufika magurudumuni. Tofauti na gia za giaboksi, dereva hawezi kuibadilisha akiwa safarini. Inafanya kazi muda wote, gari likiwa kwenye gia ya kwanza, ya tano au ya kurudi nyuma. Kwa sababu hiyo kubadilisha uwiano wa difu hubadilisha tabia ya gari zima: nguvu yake ya kupanda mlima, mwendo wake wa juu, mafuta linayotumia, namna linavyoteremka na hata usahihi wa spidomita.

Suala hili lina umuhimu wa pekee katika maeneo ambako gari moja hupita lami tambarare, barabara za vumbi na milima mikali kwa siku moja, kama ilivyo kwa magari ya utalii yanayotoka jijini Arusha, chini ya Mlima Meru.

Sehemu za difu

Katika gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, gia ya mwisho imo ndani ya difu, yaani lile tumbo la chuma lililo katikati ya ekseli. Gia zake kuu ni mbili:

- Pinioni ni gia ndogo iliyounganishwa na propela. Kwa kawaida ina meno kati ya 8 na 13.
- Krauni ni gia kubwa ya duara inayozungushwa na pinioni. Kwa kawaida ina meno kati ya 37 na 43.

Gia hizi mbili hufanya kazi mbili kwa pamoja. Kwanza hugeuza mwelekeo wa mzunguko kwa nyuzi 90, kwa kuwa propela imelala kwa urefu wa gari na ekseli imelala kwa upana wake. Pili hupunguza kasi ya mzunguko na kuongeza nguvu ya kuzungusha kwa kiasi kilekile.

Ndani ya krauni kuna gia nyingine ndogo zinazoruhusu gurudumu la kulia na la kushoto kuzunguka kwa kasi tofauti gari linapokata kona. Gia hizo ndizo difu kwa maana yake halisi, lakini haziathiri uwiano. Mafundi hutumia neno "difu" kwa tumbo zima pamoja na vyote vilivyomo.

Kukokotoa uwiano

Uwiano hupatikana kwa kugawa meno ya krauni kwa meno ya pinioni. Mifano ya kawaida ni hii:

- meno 41 na 11: uwiano 3.73
- meno 43 na 11: uwiano 3.91
- meno 41 na 10: uwiano 4.10
- meno 43 na 10: uwiano 4.30
- meno 41 na 9: uwiano 4.56
- meno 39 na 8: uwiano 4.88

Namba ikiwa kubwa, injini inazunguka mara nyingi zaidi kwa kila mita ya barabara: gari lina nguvu zaidi na mwendo mdogo zaidi. Namba ikiwa ndogo, injini inazunguka mara chache zaidi: gari lina mwendo, lakini huchoka mapema mlimani. Wanaoanza kujifunza ufundi wa magari mara nyingi huchanganya jambo hili, wakidhani uwiano mkubwa ndio wa kukimbia.

Historia

Fundi Mfaransa Onésiphore Pecqueur alipata hataza ya difu mwaka 1827 kwa ajili ya gari la mvuke. Magari mengi ya kwanza ya petroli yalipeleka nguvu magurudumuni kwa mnyororo, kama pikipiki za leo. Baadaye mnyororo ulibadilishwa na pinioni na krauni zilizofungwa ndani ya tumbo lenye mafuta, ambamo vumbi na maji havifiki.

Suala la kuchagua uwiano kulingana na mahali si geni. Gari la Ford Model T, lililoanza kuuzwa mwaka 1908, lilikuwa na uwiano wa kawaida wa 3.64, yaani meno 40 na 11. Kwa wateja wa maeneo ya milima ulikuwapo uwiano wa 4.00. Lori la Model TT, lililotoka mwaka 1917 likitumia injini ileile, lilipewa uwiano mkubwa zaidi ili liweze kubeba tani moja, na mwendo wake ukawa mdogo sana.

Katika miaka ya 1920 ilianza kutumika pinioni iliyoshushwa chini ya katikati ya krauni. Muundo huu uliwezesha propela na sakafu ya gari kushuka chini, na meno yake hushikana kwa eneo kubwa zaidi, hivyo yana nguvu na sauti ndogo. Lakini meno hayo husuguana kwa kuteleza, na ndiyo sababu difu huhitaji oili yake maalumu na si oili ya injini.

Athari za kubadilisha uwiano

Nguvu ya kuvuta

Nguvu ya kuzungusha inayofika magurudumuni ni nguvu ya injini mara uwiano wa gia iliyoingizwa mara uwiano wa difu. Gari likitoka 3.73 kwenda 4.10, nguvu magurudumuni huongezeka kwa asilimia 10 katika kila gia. Likienda 4.88, huongezeka kwa karibu asilimia 31. Gari huondoka kwa wepesi, klachi huteseka kidogo wakati wa kuanza mwendo na mzigo, na dereva hahitaji kurudisha gia mara kwa mara mlimani.

Hata hivyo, injini yenyewe haijaongezewa nguvu. Difu haizalishi nguvu. Inabadilishana kasi kwa nguvu ya kuzungusha. Kinachopatikana upande mmoja kimetolewa upande wa pili.

Mwendo na mizunguko ya injini

Mizunguko ya injini kwa dakika hukokotolewa kwa kuchukua mwendo wa gari kwa mita kwa dakika, kugawa kwa mzingo wa tairi, kisha kuzidisha kwa uwiano wa gia na uwiano wa difu.

Tuchukue gari lenye matairi ya 265/70R16, ambayo mzingo wake ni karibu mita 2.44, likiwa kwenye gia ya tano yenye uwiano wa 0.85. Likienda 80 km/saa, injini yake huzunguka hivi:

- difu 3.73: mizunguko 1,730 kwa dakika
- difu 4.10: mizunguko 1,900 kwa dakika
- difu 4.88: mizunguko 2,260 kwa dakika

Likienda 100 km/saa:

- difu 3.73: mizunguko 2,160 kwa dakika
- difu 4.10: mizunguko 2,380 kwa dakika
- difu 4.88: mizunguko 2,830 kwa dakika

Kwa hiyo gari lenye difu ya 4.88 hupiga kelele zaidi na injini yake hufanya kazi nyingi zaidi kwa safari ileile. Injini kubwa za dizeli huzunguka polepole kuliko za petroli, hivyo kikomo chao hufikiwa mapema.

Si kweli, hata hivyo, kwamba uwiano mdogo siku zote huongeza mwendo wa juu. Gari dhaifu likifungwa difu yenye namba ndogo mno, injini hushindwa kusukuma upepo na haifiki kwenye mizunguko inakotoa nguvu nyingi. Gari la namna hiyo huweza kukimbia zaidi kwenye gia ya nne kuliko ya tano.

Matumizi ya mafuta

Kwenye barabara tambarare na mwendo usiobadilika, uwiano mdogo kwa kawaida huokoa mafuta, kwa sababu injini inayozunguka polepole hupoteza nguvu kidogo kwa msuguano wa ndani. Mjini na milimani matokeo yanaweza kugeuka. Dereva wa gari lenye difu ndogo hulazimika kubaki kwenye gia za chini na kukanyaga mafuta sana, na akiba yote hupotea. Uwiano unaofaa ni ule unaoiweka injini karibu na mizunguko inakofanya kazi vizuri kwa barabara ambayo gari hupita mara nyingi.

Kushuka mlima

Athari hii husahauliwa mara nyingi, ingawa ndiyo inayohusu usalama moja kwa moja. Dereva anayeteremka kwenye gia ya chini huliacha gari lizuiwe na injini, ili breki zisipate moto. Uwiano wa difu ukipungua, uwezo wa injini kuzuia gari hupungua kwa asilimia ileile, na kazi inayobaki hubebwa na breki. Breki zikipata moto kupita kiasi hupoteza uwezo wake wa kushika, na maji yaliyomo katika oili yake huweza kuchemka hadi pedali ikazama bila kuzuia chochote. Anayebadilisha difu ili kuokoa mafuta kwenye lami anapaswa kukumbuka kwamba gari lilelile litashuka milima.

Spidomita

Katika magari mengi, hasa ya zamani, spidomita husoma mzunguko wa shafti inayotoka kwenye giaboksi na si wa gurudumu lenyewe. Difu ikibadilishwa, spidomita haijui. Gari lililotoka 4.10 kwenda 3.73 litaonyesha 80 km/saa huku likienda 88. Lililotoka 3.73 kwenda 4.10 litaonyesha 88 huku likienda 80.

Kosa la kwanza ni la hatari zaidi, kwa kuwa dereva huzidisha mwendo bila kujua. Nchini Tanzania kikomo ni 50 km/saa katika maeneo ya makazi, na mabasi na magari mazito hayaruhusiwi kuzidi 80 km/saa. Kosa la pili huharibu hesabu ya kilomita: kwa kila kilomita 10,000 za kweli, gari huandika karibu 11,000. Jambo hili hugusa ratiba ya kubadilisha oili, malipo ya kukodi kwa kilomita na bei ya gari likiuzwa.

Marekebisho hufanywa kwa kubadilisha gia ndogo ya plastiki inayoendesha waya wa spidomita, au kwa kifaa cha elektroniki katika magari mapya. Magari yanayosoma mwendo kutoka kwenye sensa za magurudumu hayapati tatizo hili. Vifaa vya kufuatilia mwendo kwa setilaiti navyo haviathiriki, hivyo vinaweza kutumika kupima kosa la spidomita.

Mfano wa Arusha na Ngorongoro

Jiji la Arusha liko kwenye kimo cha takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kata ya Themi, inayobeba jina la mto unaoshuka kutoka Mlima Meru, ina eneo la viwanda, na jiji kwa jumla ni kituo kikuu cha magari ya utalii ya kaskazini mwa Tanzania. Hapa hurefushwa chasisi za magari, hufungwa mabodi yenye paa la kufunguka, na hukarabatiwa Toyota Land Cruiser na Land Rover zinazokwenda mbugani. Pia Arusha kuna Chuo cha Ufundi kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa msaada wa Ujerumani, ambacho miongoni mwa masomo yake ni ufundi wa magari.

Safari ya kawaida kutoka hapa huanza kwa lami tambarare hadi Makuyuni na Mto wa Mbu. Kisha barabara hupanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Karatu, na baada ya lango la Lodoare huendelea hadi ukingo wa kasoko ya Ngorongoro, kwenye kimo cha takriban mita 2,300. Kutoka hapo magari hushuka karibu mita 600 hadi sakafu ya kasoko, na alasiri hupanda tena.

Kimo chenyewe hupunguza nguvu ya injini, kwa kuwa hewa huwa nyembamba. Ikilinganishwa na pwani, uzito wa hewa hupungua kwa karibu asilimia 13 mjini Arusha, asilimia 18 kwenye kimo cha mita 2,000, na asilimia 20 kwenye ukingo wa Ngorongoro. Injini isiyo na taabo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Gari lililopanda vizuri Dar es Salaam au Tanga linaweza kuchoka hapa bila kuwa na ubovu wowote.

Hesabu ifuatayo inaonyesha tofauti. Tuseme gari la utalii lenye abiria na mizigo lina uzito wa kilogramu 2,800. Injini yake hutoa newtoni mita 280 ikiwa usawa wa bahari. Linapanda mwinuko wa asilimia 8 kwenye barabara ya vumbi, kwenye kimo cha mita 2,000, likiwa gia ya tatu yenye uwiano wa 1.5, kwa mwendo wa 50 km/saa hivi.

Nguvu zinazolizuia ni hizi:

- mwinuko: newtoni 2,190
- vumbi na msuguano wa matairi: karibu newtoni 820
- upepo: karibu newtoni 170
- jumla: karibu newtoni 3,180

Nguvu inayofika kwenye matairi, baada ya kutoa asilimia 18 ya kimo na asilimia 10 inayopotea katika gia, ni hii:

- difu 3.73: newtoni 2,970
- difu 4.10: newtoni 3,270
- difu 4.88: newtoni 3,890

Gari lenye difu ya 3.73 haliwezi kuendelea na gia ya tatu: mwendo utashuka hadi dereva arudishe gia ya pili. Lenye 4.10 linapita kwa shida, na kijiwe kikubwa au mchanga kidogo utalishinda. Lenye 4.88 linapanda kwa raha na lina akiba. Lakini jioni, likirudi Arusha kwenye lami, gari hilohilo la 4.88 ndilo litakalopiga kelele zaidi na kutumia mafuta zaidi.

Kwa sababu hii magari mengi ya kazi hutoka kiwandani na uwiano wa katikati, karibu na 4.10. Si bora kuliko nyingine kwa mlima wala kwa lami, ila inavumilika kote kuwili. Magari ya fowili huongezewa pia gia ndogo ya pili kwenye transfa, ambayo dereva huiingiza kwa mwinuko mkali na kuitoa akifika tambarare. Kwa mwenye gari la namna hiyo, kujifunza kutumia gia hiyo ni nafuu kuliko kubadilisha difu.

Ukubwa wa matairi

Kubadilisha matairi ni njia ya kubadilisha uwiano bila kugusa difu, na mara nyingi hufanyika bila kukusudia. Tairi kubwa husogea mbali zaidi kwa kila mzunguko, hivyo matokeo yake ni sawa na kufunga difu yenye namba ndogo.

Kwa mfano, tairi la 265/70R16 lina kipenyo cha milimita 777, na la 285/75R16 lina milimita 834. Tofauti ni asilimia 7. Gari lenye difu ya 4.10 likivalishwa matairi makubwa hayo, litakuwa kana kwamba lina difu ya 3.82. Limeinuka juu na linaonekana imara, lakini limepoteza nguvu ya kupanda, breki zake zina kazi kubwa zaidi, na spidomita yake inaonyesha mwendo mdogo kuliko wa kweli. Ili kurudisha tabia ya awali ingehitajika difu ya 4.40. Iliyo karibu katika orodha ya hapo juu ni 4.30.

Magari ya fowili

Gari la fowili lina difu mbili, ya mbele na ya nyuma, na uwiano wake lazima ulingane. Transfa ya fowili ya kawaida huzungusha propela zote mbili kwa kasi moja. Ikiwa difu ya nyuma ni 4.10 na ya mbele ni 3.73, magurudumu ya mbele yatataka kwenda mbali zaidi kwa asilimia 10 kuliko ya nyuma. Kwenye tope au mchanga matairi huteleza na tofauti hiyo hupotea. Kwenye lami au mwamba mkavu hakuna pa kuteleza, na mkazo hujikusanya ndani ya propela, mnyororo au gia za transfa hadi kitu kivunjike. Usukani huwa mgumu, na gari huweza kuvuta upande bila kutarajiwa.

Kosa hili hutokea difu moja inapokufa na kubadilishwa kwa difu ya mtumba iliyotoka kwenye gari linalofanana kwa sura. Magari ya aina moja na mwaka mmoja yanaweza kuwa na uwiano tofauti, kutegemea injini, giaboksi na nchi yalikouzwa. Tatizo linaweza kujificha kwa miezi, kwa kuwa gari huenda vizuri likisukumwa na magurudumu ya nyuma pekee, na hujitokeza siku fowili inapoingizwa, ambayo mara nyingi ni siku gari liko mbali na gereji.

Kwa sababu hiyohiyo anayebadilisha uwiano wa gari la fowili hubadilisha difu zote mbili, na gharama huwa mara mbili.

Jinsi ya kujua uwiano wa gari

Kuna njia tatu za kawaida:

- Kusoma sahani ya gari. Sahani ya chuma kwenye injini au mlango wa magari mengi, yakiwemo ya Toyota, huwa na msimbo wa ekseli ambao unaonyesha uwiano uliofungwa kiwandani. Njia hii haitoshi ikiwa difu imewahi kubadilishwa.
- Kuhesabu meno. Difu ikiwa imefunguliwa, hesabu ya meno ya krauni na pinioni haidanganyi.
- Kuzungusha magurudumu. Gari huwekwa niutro na kuinuliwa kwa jeki likiwa juu ya stendi imara, huku magurudumu yaliyobaki chini yakiwekewa vizuizi. Alama ya chaki huwekwa kwenye propela na kwenye gurudumu. Gurudumu moja likizuiwa na lingine likizungushwa mara mbili kamili, krauni huwa imezunguka mara moja. Mizunguko ya propela ikihesabiwa hutoa uwiano: mara nne na zaidi kidogo ni karibu 4.10.

Kazi ya kubadilisha

Krauni na pinioni hutengenezwa na kusagwa pamoja kiwandani, hivyo huuzwa na kufungwa kama jozi. Kuweka pinioni mpya kwenye krauni kuukuu huleta kelele na kuvunjika kwa meno.

Fundi hupima mambo matatu: kina cha pinioni, nafasi ndogo kati ya meno ya krauni na pinioni, na mkazo wa beringi. Nafasi kati ya meno hupimwa kwa saa ya kupimia na huwa sehemu za kumi za milimita au chini ya hapo. Marekebisho hufanywa kwa shimu, yaani vipande vyembamba vya chuma. Mwishoni meno hupakwa rangi na kuzungushwa ili kuona yanagusana wapi. Alama inatakiwa iwe katikati ya jino. Ikiwa kwenye ncha au kwenye shina, kazi hurudiwa. Difu iliyofungwa vibaya huanza kulia kama king'ora gari likishika mwendo, na sauti hiyo ni ya meno yanayolika.

Oili inayofaa gia zenye pinioni iliyoshushwa kwa kawaida ni ya daraja la GL-5, mara nyingi ya unene wa 80W-90. Katika kilomita mia chache za kwanza gari halitakiwi kubeba mzigo mkubwa wala kwenda mwendo mrefu bila kupoa, na oili ya kwanza humwagwa mapema kwa kuwa hubeba unga wa chuma.

Uwiano mkubwa una udhaifu wake pia. Ili krauni ibaki na ukubwa uleule ndani ya tumbo lilelile, pinioni hupunguzwa, na pinioni yenye meno 8 ni dhaifu kuliko yenye 11. Shafti za magurudumu nazo hupokea nguvu kubwa zaidi. Malori makubwa na magari kama Unimog hukwepa tatizo hili kwa kuweka gia nyingine ya kupunguza mwendo ndani ya kila gurudumu.

Magari mengine na pikipiki

Magari madogo yanayosukumwa na magurudumu ya mbele, kama Toyota IST na Vitz, hayana propela. Gia yao ya mwisho imo ndani ya giaboksi yenyewe, na kuibadilisha humaanisha kufungua giaboksi nzima au kuweka nyingine.

Magari mengi ya umeme hayana giaboksi ya kubadilisha. Huwa na gia moja tu ya kupunguza mwendo. Ya Nissan Leaf ina uwiano wa karibu 8. Mota ya umeme hustahimili mizunguko mingi na hutoa nguvu yake tangu mwanzo, hivyo uwiano mmoja hutosha. Pia haihitaji hewa, na kimo cha Ngorongoro hakiipunguzii nguvu.

Katika mashindano ya magari uwiano huchaguliwa kulingana na barabara. Mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953 kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, zilijulikana kwa kuchanganya tambarare ndefu na milima yenye tope, na uwiano mmoja haukuweza kufaa kote.

Kwenye pikipiki za mnyororo uwiano wa mwisho huonekana kwa macho: ni meno ya sproketi ya nyuma yaliyogawanywa kwa ya mbele. Pikipiki yenye meno 42 na 14 ina uwiano wa 3.00. Mwendesha bodaboda anayebeba mizigo milimani akiweka sproketi ya nyuma ya meno 45 hupata 3.21, yaani nguvu zaidi kwa asilimia 7 na mwendo mdogo kwa kiasi hichohicho. Kupunguza jino moja tu mbele, kutoka 14 hadi 13, hutoa 3.23. Ni sheria ileile ya difu ya gari, kwa bei ya sproketi moja.

Tazama pia

- Giaboksi
- Klachi
- Breki
- Injini ya dizeli
- Mlima Meru
- Ngorongoro